Jibu kwa ndugu aliyesusiwa na jirani zake kwa ajili ya siasa: niliyoyaona Pemba tangu 1995

Ndugu yangu, umeuliza kama uhame au ukae kimya, kwa kuwa tangu ulipopinga hadharani msimamo wa chama cha jirani zako hawaitikii tena salamu yako, na mmoja wao amekutumia ujumbe kwamba nyumba yako itateketea. Nakujibu nikiwa Mpemba niliyewahi kususa kabla ya kususiwa.

Uchaguzi wa Oktoba 1995, wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, ulimpa Dk. Salmin Amour wa chama tawala, CCM, asilimia 50.2 na Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani, CUF, asilimia 49.8, huku CUF ikichukua majimbo yote ya Pemba. Kijijini kwetu karibu sote tulikuwa upande mmoja, wa CUF. Baba yangu mkubwa alikuwa upande wa pili, wala hakuficha. Dukani aliambiwa sukari imekwisha ilhali gunia liko wazi mbele yake. Wachumaji walilikataa shamba lake, na karafuu zisipochumwa kabla ya kuchanua hazina bei tena. Mimi, ambaye yeye ndiye aliyenilea na kunisomesha, niliacha kuitikia salamu yake. Hakuna aliyenilazimisha. Niliogopa kuonekana msaliti barazani, na woga huo nikauita msimamo.

Alipofariki mwaka uliofuata, waliochimba kaburi walitoka kijiji kingine, na jeneza, ambalo kwetu hupokezanwa na mji mzima, lilibebwa na mabega yale yale tangu nyumbani hadi makaburini. Chama chake hakukiacha hadi anakufa. Tulichofanikiwa ni kuwafunga midomo wote waliokuwa na mawazo tofauti na yetu, na naamini hilo ndilo lengo la kususa, sawasawa na lengo la wale wa upande wa pili waliokuwa wakiwaita wenzao "mahizbu" (wafuasi wa Hizbu, chama kilichopinduliwa mwaka 1964) na "machotara" (watu wa damu mchanganyiko).

Maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa, ambayo zaidi ya asilimia 66 waliikubali, yalituruhusu kuzikana tena. Lakini baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 2016, ulioitishwa kwa kuwa ule wa Oktoba 2015 ulifutwa, kususiana kulirudi, na mikarafuu ya watu ikakatwa usiku. Nilisema barazani kwamba mkarafuu hauna chama, na kwamba anayeukata anakata riziki ya watoto. Kuanzia siku hiyo nikasusiwa mimi.

Kwa hiyo nakusihi uyatenganishe mambo mawili. Ujumbe wa kuchoma nyumba ni kosa la jinai: usiufute, mwoneshe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, mbele ya mashahidi, kisha ufungue taarifa polisi, hata kama ndugu zako watasema unakuza mambo. Kununa na matusi ni jambo jingine. Endelea kutoa salamu, nenda mazikoni hata kama hakuna atakayekusogezea jamvi, na usiyajibu matusi kwa matusi, maana yakishatoka kwako hakuna atakayekumbuka hoja yako ilikuwa ipi. Kuhama sikushauri, isipokuwa tishio likiwa na dalili za kutekelezwa.

Kwangu ilichukua zaidi ya miaka miwili. Msimu mmoja wa karafuu, mvua ikitishia, yule aliyekuwa wa kwanza kunisusa alisimama uani kwangu, akaniamkia, na kuniomba majamvi ya kuanikia. Nilimsaidia kuyabeba hadi kwake.