Ruta Kuukuu Kuwa Seva ya Tovuti

SWALI: Ninayo ruta ya zamani yenye tundu la USB, ambayo siitumii tena. Je, yaweza kuwa seva ya tovuti yangu ndogo binafsi?

JIBU: Yaweza, kwa kuwa ruta ni kompyuta ndogo yenye prosesa na kumbukumbu yake. Kwanza soma modeli na toleo kwenye kibandiko kilicho chini ya kifaa, kisha uitafute katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa badala ya programu ya kiwandani, ulioanza mwaka 2004 kutokana na ruta ya Linksys WRT54G. Toleo lisikupite, maana ruta mbili zenye jina moja huweza kutofautiana kabisa ndani, na programu isiyo yake huweza kuiharibu isiwake tena. Zile zenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za RAM zimeshaachwa na matoleo mapya; hizo, kwa maoni yangu, hazistahili kuhangaikiwa.

Seva ya uHTTPd kwa kawaida huja na mfumo huo, ila ndiyo inayotoa ukurasa wa usimamizi. Hivyo ipe tovuti yako poti (namba ya mlango wa mtandao) nyingine, na mafaili uyaweke kwenye flashi ya USB. Kurasa za HTML zisizobadilika itazimudu vizuri, lakini WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, pamoja na hifadhidata yake ni mzigo isiouweza.

Ukurasa wa usimamizi usionekane kamwe kutoka nje. Aidha, ikiwa mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, kuelekeza poti kutoka ruta kuu, yaani kuiagiza ipitishe maombi ya nje hadi seva yako, hakutafaa, na tovuti itasomeka ndani ya mtandao wako tu.