Vitabu vya Madeni, Mawe ya Mizani na Gorogoro

SWALI: Duka la familia yetu karibu na stesheni ya Butere limefungwa. Limebaki na mizani ya sahani mbili, mawe yake, na masanduku mawili ya vitabu vya madeni vilivyonyeshewa. Tungependa pia kukusanya kumbukumbu za wateja wazee. Tuanzie wapi?
Wajukuu wa mwenye duka, Butere

JIBU: Anzeni na vitabu, maana karatasi yenye maji huota ukungu kwa siku mbili tu. Msivianike juani, jua hukunja kurasa na kufifisha wino. Visimamisheni kivulini penye upepo, kurasa zikiwa wazi kidogo, na katikati mtie karatasi nyeupe ya kunyonya maji, mkiibadilisha kila inapolowa. Gazeti halifai kwa kazi hiyo kwa sababu wino wake huhamia. Kurasa zilizogandana zisibanduliwe kwa kisu. Selotepu nayo msiiguse kabisa: gundi yake hugeuka kahawia na kuharibu maandishi. Vikikauka, pigeni picha kila ukurasa kuanzia jalada, kisha wekeni sanduku juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa wasilifikie.

Vitabu vingi vya madukani havina mwaka, lakini vipimo husema. Penye ratili, wakia na yadi, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kabla ya kilo na mita kushika. Ratili moja ni kama gramu 454. Angalieni pia sarafu zilizosahaulika kwenye saraka. Senti kumi yenye tundu katikati ni ya Afrika Mashariki; Kenya ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1966. Mkipata stakabadhi ya mzigo wa reli kutoka Kisumu, mna tarehe kamili.

Mawe ya mizani msiyasugue kwa msasa wala dawa ya kung'arisha shaba. Pindueni jiwe moja: chini yake mara nyingi kuna tone la madini ya risasi lililogongwa alama za mkaguzi wa vipimo. Hiyo ndiyo historia yenyewe, na msasa huifuta. Futeni kwa kitambaa kikavu tu. Kujua kama mizani bado ni ya haki, sawazisheni sukari na jiwe, kisha sukari ihamie sahani ya jiwe na jiwe sahani ya sukari. Ikiinama, mizani si ya haki; huenda mkono mmoja umepinda. Msiuzie kitu kwa mizani hiyo kabla haijakaguliwa upya.

Kwa wazee, swali la "unakumbuka nini?" huleta jibu la "lilikuwa duka zuri", na mazungumzo yamekwisha. Chora kaunta na rafu kwenye karatasi kubwa, umwulize mama: kiberiti kilikaa wapi? Mafuta ya taa yalipimwa kwa kopo gani? Sukari ya sumuni ilifungwaje? Mpe kipande cha gazeti akukunjie ile pembe ya kufungia sukari, ncha ikipindwa chini ili sukari isivuje, nawe urekodi mikono yake. Hapo majina ya watu na bei huanza kuja yenyewe.

Jambo moja tunalisisitiza: mistari isiyokatwa kitabuni ni madeni ambayo hayakulipwa, na watoto wa wadaiwa bado ni majirani zenu. Funikeni majina hayo kabla ya kumwonyesha mtu yeyote.

SWALI: Bibi husema gunia la mahindi ni gorogoro 40, yaani makopo 40 ya kupimia nafaka. Mimi napata 37. Nani anakosea?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Hakuna. Gunia la kilo 90 likigawanywa kwa gorogoro ya kilo 2.25 ni 40 kamili, lakini hiyo ni gorogoro iliyofutwa kwa kijiti. Ukijaza kwa kilele, kila kopo hubeba zaidi na hesabu hupungua. Kagua pia kitako cha kopo: kikibonyezwa kuingia ndani, mnunuzi hupunjwa na gunia hutoa hata zaidi ya 40. Weka kiganja ndani ya kopo kabla ya kununua, utakihisi.