Kalori ni kweli, ila mafuta ya kwenye sufuria kayapima nani?

Mmeuliza gazetini wiki hii kama kupunguza uzito ni kuhesabu kalori tu basi. Mimi nasema hesabu ni ya kweli ila rahisi sio, na kwa majiko yetu ya huku ndo kabisaa.

Manake kuna watu wakisikia hivi wanarukia kusema kalori ni uongo, hapana jamani. Ukila pungufu ya unachotumia mwili unakula akiba yake, hilo halina mjadala. Shida ni pale mtu anapouchukulia mwili kama daftari la duka la Mangi, kilichoingia, kilichotoka, jibu hilo hapo. Angalieni Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wanatembea porini kutwa, wanawinda, wanachimba mizizi. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima nguvu wanayotumia kwa siku, wakachapisha 2012, na ukizingatia ukubwa wa miili hawakuwazidi watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti! Pontzer anaona mwili ukitumia sana upande mmoja unabana upande mwingine. Sasa wewe umekimbia jioni, saa ya mkononi inakwambia umechoma 400, unaenda kujipongeza na chipsi mayai, hiyo 400 usiitegemee hivyo. Mazoezi fanya, moyo na sukari vinayahitaji sana, ila sio leseni ya kula.

Alafu kuna kupima chenyewe. Wifi yangu ana programu ya simu anaingiza kila mlo, tumepika wali nazi na maharage akaandika wali kikombe kimoja, maharage nusu kikombe, namba ikatoka ndogo akafurahi. Tui je? Na mafuta niliyokaangia kitunguu je? Mimi ndo nilikuwa jikoni, nilimimina kutoka kwenye dumu hivi hivi kwa jicho. Gramu ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ni 4, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama 120, na mchuzi wetu ni lini uliishia kijiko kimoja? Halafu tunakula sinia moja watu watano, matonge anahesabu nani.

Na njaa nayo haifuati hesabu. Mtafiti Kevin Hall kule Marekani, 2019, aliwaweka watu 20 kwenye kituo cha utafiti, wiki mbili wanakula vya viwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo, mezani kalori zinazowekwa sawa, sukari na mafuta sawa, wanaambiwa kula utakavyo. Kwenye vya viwandani wakala kama kalori 500 zaidi kila siku. Hakuna aliyewalazimisha, ni chakula chenyewe.

Ndo maana inaniuma sana mtu akihesabu kwa bidii miezi, mzani haushuki, anaambiwa mvivu au anakula kwa kujificha. Mimi ningemwambia aanze na dumu la mafuta, apime kwa kijiko, soda na juisi za dukani aache, maharage na mboga za majani ajaze sahani, tonge la ugali lipungue, hapo hata bila simu atashiba na uzito utaanza kusogea.

Na nyie gazeti naomba kitu kimoja, kwenye ukurasa wenu wa mapishi acheni kutuandikia "mafuta ya kupikia kiasi". Andikeni vijiko vingapi.