Sina kazi, na matunzo ya mtoto yamelimbikizana

SWALI: Nina mtoto mmoja anayeishi na mama yake, na mahakama iliniamuru nilipe matunzo kila mwezi. Ghala nililokuwa nafanyia kazi lilipunguza watu, sasa ni miezi minne sijalipa, ila mama mtoto nampa kidogo mkononi. Nimepata wito wa mahakama. Nikienda si nitafungwa? – Msomaji, Houston, Texas

JIBU: Nenda, ndugu yetu. Asiyefika ndiye anayeweza kutolewa hati ya kukamatwa. Beba barua ya kuachishwa kazi, taarifa za benki na orodha ya kazi ulizoomba pamoja na tarehe zake, maana swali zito siku hiyo ni kama una uwezo wa kulipa.

Lakini usingoje siku ya kesi. Leo hii peleka ombi la kupitiwa upya kiwango chako kwenye kitengo cha matunzo cha Mwanasheria Mkuu wa Texas. Tangu 1986 sheria ya Marekani inamkataza hakimu kufuta malimbikizo. Anaweza kupunguza kuanzia pale ombi lilipofika mahakamani na mama mtoto kuarifiwa, si nyuma ya hapo. Wengi huumia hapa: wanakubaliana na mama mtoto kwa mdomo, huku deni linahesabiwa vilevile, na Texas huongeza riba.

Mahakamani omba kuingizwa NCP Choices. Ni mpango wa Texas kwa mzazi asiyeishi na mtoto, anayedaiwa na hana kazi au ana kibarua kisichotosha. Utapangiwa afisa kwenye Workforce Solutions, ofisi ya huduma za ajira ya Texas, akusaidie kuandika wasifu, kutafuta kazi na pengine mafunzo mafupi. Ukishaamriwa, si hiari tena: ukikosa miadi, taarifa inarudi kwa hakimu. Kama mahakama yako haina mpango huo, ingia Workforce Solutions mwenyewe; huduma ni bure, na mkalimani wa Kiswahili ni haki yako kumwomba.

Fedha za mkononi acha. Zinaweza kuhesabiwa zawadi. Lipa kupitia kituo cha malipo cha jimbo, hata dola 20, ionekane kwenye rekodi.

Ukipata kazi, peleka jina la mwajiri mara moja ili makato yaanze kwenye mshahara. Hadi uyaone kwenye hati ya mshahara, endelea kulipa mwenyewe. Wiki hizo za mwanzo huzaa deni jipya mara nyingi mno.