Kulia si mashariki

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Igoma, Mwanza, najiandaa na usaili wa kuandika. Juma ametembea km 3 kusini, akageuka kushoto akaenda km 8, akageuka kulia akaenda km 3. Yuko umbali gani na upande gani kutoka alipoanzia? Nimepata mzizi wa 34, haumo kwenye machaguo. Kanuni ya Pythagoras naijua vizuri. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako haina shida, mchoro ndio umeharibika. Umechora km 8 kwenda magharibi, ukarudi km 3 mashariki, kwa sababu kuna mtu kakufundisha kwamba kushoto ni magharibi na kulia ni mashariki. Sivyo hata kidogo! Kushoto na kulia ni mikono ya anayetembea. Panda kivuko cha Kamanga kutoka mjini: unaelekea upande wa magharibi, kaskazini iko mkono wa kulia. Ukirudi, kaskazini ileile iko kushoto kwako.

Juma anatazama kusini, basi kushoto kwake ni mashariki. Akishatazama mashariki, kulia kwake ni kusini. Jumla km 6 kusini, km 8 mashariki; 36 + 64 = 100, mzizi wake 10. Yuko km 10, kusini-mashariki. Kila kona chora mshale wa anakotazama kabla hujasoma sentensi inayofuata, na ukichanganyikiwa zungusha karatasi mpaka mshale uelekee mbele yako. Wakiuliza alipoanzia kuko upande gani kutoka alipo sasa, jibu linageuka: kaskazini-magharibi.

Wanaouza "kanuni za haraka" kwenye magrupu ya WhatsApp wanawaponza vijana wengi. Mifano yao huanza na mtu anayetazama kaskazini, ndiyo maana kona ya kwanza inakubali. Ya pili inawaangusha. Wengine wanakaririsha kwamba saa 6 mchana kivuli huangukia kaskazini. Hayo ni ya nchi zilizo mbali kaskazini mwa Ikweta. Mwanza iko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa Ikweta: mwezi wa 6 kivuli cha mchana kinaangukia kusini, mwezi wa 12 kaskazini. Wewe shika asubuhi, kivuli magharibi, jioni, mashariki.

Hela ya karatasi zao nunulia daftari la hesabu lenye vyumba, chumba kimoja km 1, uchore maswali 10 kila siku.