Wadogo zangu, acheni kwanza hiyo nobu

Wiki hii nilikaa nyuma ya kijana anayejifunza mastaringi, ile hatua ya mwisho ya kuunyoosha wimbo kabla haujatolewa. Nikamtazama akishika ikwalaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti, akaibana Q yake, yaani upana wa eneo linaloguswa, hadi ikawa nyembamba kama sindano, akapandisha desibeli 12, akaitembeza kutoka 200 Hz hadi 5,000 Hz, na kila aliposikia mlio wa kuudhi akaukata. Alipomaliza, wimbo ulikuwa na mashimo tisa. Ningemkemea, lakini nami nilianza vivyo hivyo, kwa hiyo naona heri niandike.

1. Masafa yoyote yakipandishwa desibeli 12 kwa Q nyembamba yatalia vibaya, hata katika miksi (wimbo uliokwisha kuchanganywa) isiyo na ila, kwa hiyo mnaumba ugonjwa wenyewe kisha mnaupasua. Sikilizeni wimbo mzima mikono ikiwa mapajani, mtaje kwa maneno kinachowakera, ndipo mguse nobu, yaani kitufe cha kuzungusha.

2. Sawazisheni kiwango cha sauti kabla ya kubonyeza baipasi, kitufe cha kuizima ikwalaiza ili mlinganishe, kwani sikio husifu chochote kilichozidi kwa ukubwa, hata kikizidi kwa nusu desibeli.

3. Kijueni chumba chenu. Hapa sina budi kukiri. Chumba changu cha kwanza kilikuwa na urefu wa mita 4.3, nami niliweka kiti katikati kabisa, kwa kuwa palionekana pana heshima. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Zigawe kwa mara mbili ya urefu wa chumba, utapata karibu 40 Hz, na ni hapo katikati ambapo wimbi hilo hufifia kuliko mahali pengine. Nilikuwa nimeketi ndani ya shimo la besi. Ilipokuja albamu ya nyimbo 10, niliona besi imepwaya, nikaweka kengele pana, yaani mwinuko wa umbo la kengele, kwenye 40 Hz na kuongeza desibeli 4, kisha 6, huku nikimsema produsa kimoyomoyo kwamba miksi yake ni kavu. Kichanganuzi cha spektra kilionyesha kilima palepale muda wote. Nilikifunga, eti kinanivuruga. Limita nayo, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango, ikipambana na besi nisiyoisikia, ilikuwa ikididimiza sauti ya mwimbaji kila ngoma ya kiki ilipopiga, na hilo nililisikia vizuri sana, nikaliita uhai.

Produsa alinipigia simu kesho yake jioni. Hakugomba, na afadhali angegomba. Aliisogeza simu karibu na spika ya gari lake akaniacha nisikilize. Simu haibebi 40 Hz, kwa hiyo nilichosikia ni plastiki ya mlango ikigongagonga na mwimbaji akizama na kuibuka. Nilisogeza kiti mbele hadi asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa mbele, nikafungua miksi yake bila ikwalaiza, na besi ilikuwepo, tele, tangu mwanzo. Nyimbo zote 10 nilizirudia bila malipo.

4. Hali ya linia-fezi, ambapo ikwalaiza huyachelewesha masafa yote kwa usawa, haina hadhi ya pekee. Huweza kutanguliza kivuli cha sauti kabla ya mpigo, na kwenye ngoma ya snea mtakisikia.

5. George Massenburg alipowasilisha ikwalaiza ya parametriki mbele ya Audio Engineering Society mwaka 1972, tulipata masafa, kiasi na upana, kila kimoja na nobu yake. Ninyi mnatumia mbili, ya upana mkishaibana mnaiacha hapo hapo. Katika mastaringi Q ya 0.7, yaani pana, na badiliko la nusu desibeli ni kazi halali kabisa, wala hakuna mteja atakayewapunja kwa sababu mkunjo haukuonekana kwenye skrini.

Kijana yule nilimfungia bendi zote tisa, nikamwagiza akaanze upya chumbani kwake kwa bendi mbili tu. Amerudi leo na mbili alizoruhusiwa, pamoja na ya tatu kwenye 45 Hz, imepanda desibeli 5. Nimemuuliza kiti chake kiko wapi.