DNA isiyo ya kawaida kwenye saratani ya ovari

Dada, umeuliza kama neno aneuploidi kwenye ripoti ya saratani ya ovari ya mama ni ishara mbaya. Ndiyo, aneuploidi, yaani seli kuwa na idadi isiyo ya kawaida ya kromosomu (vifurushi vya DNA), mara nyingi huendana na uvimbe mkali zaidi. Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46. Mgawanyiko wa seli ukivurugika, seli moja hubeba nyingi kupita kiasi, nyingine chache, na kutoka kwenye mchanganyiko huo hutokea zile zinazonusurika dawa. Niko maabara ya patholojia hapa Nairobi na hata kwa darubini tu tunaziona seli hizo: viini vikubwa vyeusi, kingo zimepindapinda, kimoja mara tatu ya jirani yake, na seli inayojaribu kugawanyika kuelekea pande tatu badala ya mbili. Saratani ya seroso ya gredi ya juu, aina kali ya saratani ya ovari ambayo ndiyo tunaipata zaidi, karibu zote zina jeni ya TP53 iliyoharibika, na jeni hiyo ndiyo huzuia seli yenye DNA mbovu isiendelee kuzaana. Uvimbe wa mpakani, yaani ule ulio kati ya usio saratani na saratani kamili, kwa kawaida DNA yake huwa sawa.

Ila tafadhali msimhukumu mama kwa mstari huo mmoja. Hatua ya ugonjwa, na kama daktari wa upasuaji aliweza kuondoa uvimbe wote unaoonekana kwa macho, vina uzito mkubwa kuliko hesabu ya DNA. Kwa hivyo kliniki ijayo ulizeni hayo mawili kwanza, na pia kipimo cha BRCA (jeni zinazosaidia kurekebisha DNA iliyoharibika), maana majibu yake yanaweza kubadilisha dawa atakazopewa.